Wanafunzi wafunzwe kuunda programu, si kuzitumia tu

Kila ifikapo tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba husomwa, mashairi hughanwa na Kiswahili husifiwa kwa kila sifa njema. Hotuba hizo aghalabu huandikwa kwa kompyuta inayozungumza na mwandishi wake kwa Kiingereza, na hakuna anayeshangaa. Tumezoea kuamini kwamba lugha ya mashine huamuliwa mbali, na kwamba kazi yetu ni kuinunua, kuiwasha na kujifunza vitufe vyake. Makala haya yanaipinga imani hiyo. Nionavyo mimi, Kiswahili hakitakuwa lugha ya kompyuta kwa kutungiwa orodha za istilahi peke yake. Kitakuwa hivyo siku wanafunzi wetu, wakiwemo wa idara za lugha, watakapofunzwa kuifungua programu, kuisoma ilivyoandikwa na kuiunda kwa mikono yao wenyewe.

Nieleze kwanza ninachokusudia. Programu yoyote huanza ikiwa ni matini. Mtu huketi akaandika amri kwa lugha ya programu, mathalan ile iitwayo C, kwa herufi na alama ambazo binadamu mwenzake aliyejifunza anaweza kuzisoma. Matini hayo ndiyo yaitwayo msimbo chanzo. Kompyuta haiwezi kuyatekeleza yakiwa katika hali hiyo. Hubidi yapitishwe katika programu nyingine, yaani kompaila, inayoyageuza kuwa mfululizo wa tarakimu ambao mashine huufuata na ambao binadamu hawezi kuusoma akauelewa. Anayenunua programu dukani kwa kawaida hupewa tarakimu hizo tu. Ataitumia, lakini hataona ilivyoundwa wala hataweza kuirekebisha, na mara nyingi leseni yenyewe humkataza asijaribu.

Zipo programu za namna nyingine. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi aliouita GNU, ambao msingi wake ni kwamba kila mtumiaji awe na haki ya kuusoma msimbo chanzo, kuubadilisha na kumgawia jirani yake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini cha mfumo wa uendeshaji kiitwacho Linux. Kazi hizo mbili zilipounganishwa, ulimwengu ulipata mfumo kamili ambao mtu yeyote anaweza kuuweka katika kompyuta yake bila kulipa ada, na kupata humo kompaila na zana zote za fundi. Huu ni utajiri ambao shule zetu hazijautumia ipasavyo.

Najua kwamba wanafunzi wa lugha wakisikia maneno haya hujiona wamepotea darasa. Ndiyo maana hupenda kuwaelekeza Matondoni.

Matondoni ni kijiji kilicho upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu kutoka mjini, nacho kinasifika kwa mambo mawili: ususi wa mikeka na uundaji wa majahazi. Mafundi wake hawakurithi michoro ya karatasini. Walirithi jicho, mkono na msamiati. Mkuku hulazwa kwanza, kisha fashini, mataruma na mbao. Halafu hufuata kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta inayoshindiliwa katika nyufa ili maji yasipenye. Kazi hii hufanyika hadharani. Mtoto apitaye ufukweni huliona jahazi likiwa bado mifupa, akajua jina la kila mfupa kabla hajapanda chombo chochote.

Mwanaisimu akisikiliza lugha ya kazi hiyo atagundua kwamba sehemu kubwa ya msamiati tunaouhangaikia tayari tunao. Katika Kiswahili cha pwani, neno chombo lina maana ya kifaa, na pia ni jina la merikebu. Kitenzi kuunda ni cha waunda vyombo tangu zamani: nyumba hujengwa, jahazi huundwa. Kutokana na kitenzi hicho tumepata muundo, neno ambalo sisi wanaisimu tumelichukua tukazungumzia muundo wa sentensi pasipo kukumbuka tezo wala keekee. Chombo kilichokamilika huteremshwa majini, na kitendo hicho huitwa kushua. Basi kwa nini mwanafunzi asiseme kwamba ameuchukua msimbo chanzo, akaunda programu, kisha akaishua? Hakuna haja ya kumbebesha neno geni linalomkwama kooni ilhali mababu zake walikuwa nalo la kazi iyo hiyo: kukusanya vipande vingi, kila kimoja mahali pake, mpaka kitokee kitu kimoja kinachokwenda.

Likizo iliyopita nilikuwa Matondoni na wanafunzi wachache wa isimu tukikusanya msamiati huo. Tulikuwa na vipakatalishi viwili vya zamani vilivyowekwa Linux, na nyakati za jioni niliwapa zoezi la kuunda kihariri matini, yaani programu ya kuandikia na kusahihishia maandishi. Nilichagua Vim. Msimbo chanzo wake niliubeba katika flashi, na hivyo hatukuhitaji intaneti hata kidogo.

Zoezi lenyewe lina hatua tatu. Ya kwanza ni ukaguzi. Kwa amri moja, kompyuta huchunguza kama vitu vyote vinavyohitajika vimo: kompaila, zana na maktaba za msimbo. Hapa ndipo mmoja wa wanafunzi alipokwama. Mashine yake ilisimama ikaandika kwamba maktaba ya kuendeshea skrini ya maandishi haikupatikana, na kwamba ni lazima maktaba hiyo iwekwe, mfano wake ikiwa ni ile iitwayo ncurses. Mwanafunzi alidhani ameiharibu kompyuta. Nilimwomba ausome tena ule ujumbe, polepole, kama asomavyo shairi gumu. Alipousoma aligundua kwamba haukuwa lawama bali maelekezo: umetaja kilichokosekana, umetaja na dawa yake. Maktaba yenyewe ilikuwemo katika flashi. Akaiweka, akarudia ukaguzi, na safari hii ukapita.

Hatua ya pili ni uundaji, ambao huanzishwa kwa neno moja tu, make. Mistari hupanda skrini kwa dakika kadhaa huku kompaila ikilishughulikia faili moja baada ya jingine, na mwishowe vipande vyote huungwa vikawa programu moja. Hatua ya tatu ni kuiweka programu mahali pake. Mwanafunzi anaweza kuiweka katika sehemu yake mwenyewe ya kompyuta, bila kumwomba msimamizi ruhusa. Jambo lililowafurahisha wanafunzi wangu kuliko yote ni kwamba kabla ya kuunda, mtu anaweza kuagiza jina lake litiwe ndani ya programu. Ukiiuliza Vim hiyo habari za toleo lake, itakutajia jina la aliyeiunda. Wanafunzi hawa walikuwa wametumia kompyuta kwa miaka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mashine kuwatambua kuwa waundaji.

Vim sikuichagua kwa bahati nasibu. Mwandishi wake, Mholanzi Bram Moolenaar, aliitoa kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1994 alikuja Afrika Mashariki akafanya kazi ya kujitolea kwa muda wa mwaka mmoja huko Kibaale, mji mdogo wa eneo la Rakai, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Rakai lilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathiriwa vibaya mno na UKIMWI, na watoto wengi walikuwa wamefiwa na wazazi. Moolenaar aliguswa. Alipotoka huko aliamua kwamba programu yake itolewe bure, na atakayeipenda aombwe kuwasaidia watoto wa Kibaale. Kwa miaka mingi mtu aliyeifungua Vim pasipo kutaja faili, awe Tokyo, Berlin au São Paulo, alikuta maneno machache yanayomkumbusha watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na programu yake inaendelezwa na wenzake wa nchi mbalimbali, kwa sababu msimbo wake uko wazi na hakuna aliyehitaji kurithishwa ufunguo.

Sasa yaje ya kusikitisha. Ndani ya msimbo chanzo wa Vim mna saraka ya tafsiri, ambamo kila lugha ina faili lake lenye ujumbe wote ambao programu humwonyesha mtumiaji. Wanafunzi wangu waliifungua. Walikikuta Kijapani, Kifini, Kituruki na Kivietinamu. Walikikuta hata Kiesperanto, lugha iliyobuniwa na mtu mmoja mezani. Kutoka kusini mwa bara letu walikikuta Kiafrikana. Kiswahili hakikuwemo. Ombi linalowahusu watoto wa Afrika Mashariki lilikuwa limeandaliwa kusomwa kwa lugha hizo zote, lakini si kwa lugha kuu ya Afrika Mashariki. Wala hatuwezi kumlaumu mtu wa Ulaya. Mlango uko wazi, faili ni la maandishi matupu, na hakuna aliyetuzuia kuingia.

Msomaji anaweza kusema: basi wapewe watafsiri orodha ya maneno wayafasiri, tumalize kazi. Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Katika Kiingereza ujumbe wa kuarifu kwamba kitu hakipo huandikwa kwa maneno mawili yasiyobadilika, kitu hicho kiwe chochote kile. Katika Kiswahili ni lazima tujue ngeli. Je, ni faili, basi halikupatikana? Ni mstari, basi haukupatikana? Ni kitufe, basi hakikupatikana? Au ni maktaba, basi haikupatikana? Mtafsiri aliyepewa orodha tu hana njia ya kujua. Atabahatisha, na Kiswahili kitatoka kimevunjika mifupa. Atakayejua ni yule awezaye kuufungua msimbo chanzo, kuutafuta ujumbe ule mahali unapotumika, na kuona ni kitu gani hasa kinachozungumziwa. Kisha ataiunda programu, ataiendesha, na kuona iwapo sentensi yake imekaa sawa. Hayo ndiyo mahali ambapo mwanaisimu na fundi wa kompyuta ni lazima wawe mtu mmoja, au angalau waketi kwenye benchi moja.

Si suala la ngeli peke yake. Visiwa vya Lamu ni hazina ya maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Huko Siyu, kisiwani Pate, misahafu ilinakiliwa kwa mkono kwa ustadi mkubwa, na tungo za pwani, kama Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, zilihifadhiwa kwa hati hizo kabla ya kupigwa chapa kwa herufi za Kirumi. Mwanafunzi anayetaka kunakili maandishi kama hayo katika kompyuta anahitaji kihariri kinachoandika kutoka kulia kwenda kushoto na kuziunganisha herufi inavyotakiwa. Vim inao uwezo huo, lakini ni miongoni mwa mambo ambayo muundaji huamua ayatie au ayaache. Toleo dogo la Vim ambalo huja tayari katika mifumo kama Debian na Ubuntu limeundwa bila uwezo huo, ili lisichukue nafasi. Mtumiaji asiyejua atasema kwamba kompyuta haiwezi kuandika hati za wazee wake. Kumbe kompyuta inaweza. Ni fundi fulani tu, kwa sababu zake halali, aliyeamua kutoitia mbao hiyo. Aliyeunda chombo ndiye aliyeamua kitabeba nini.

Haya si ndoto, kwani Afrika Mashariki imewahi kujaribu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakumpigia mtu magoti, kwa kuwa msimbo chanzo wa OpenOffice ulikuwa wazi. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ya Microsoft nayo ilitayarisha Kiswahili kwa ajili ya programu zake. Juhudi hizo ziliwaonyesha wenye shaka kwamba lugha yetu inaweza. Hata hivyo, programu haifanani na kitabu kinachochapwa mara moja kikawekwa rafuni. Hubadilishwa kila mara. Ujumbe mpya huongezwa na wa zamani hufutwa. Tafsiri isiyokuwa na watu wa kuifuata hubaki nyuma kila toleo jipya litokapo, kama jahazi lisilotiwa kalafati. Mradi waweza kufasiri mara moja. Kulitunza lililofasiriwa huhitaji kizazi kinachojua kuunda.

Pwani yetu ina funzo lililo chungu zaidi kuhusu jambo hili. Mababu wa visiwa hivi, hasa Wabajuni wa kaskazini mwa Lamu, waliunda mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa misumari, kikasafiri kwa tanga la mkeka. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mitepe ilitoweka baharini. Mwaka 2003, mtepe mmoja ulipoundwa upya Zanzibar kwa ajili ya makumbusho ya Beit-el-Ajaib, kazi hiyo ilitegemea vielelezo, picha na maandishi, kwa kuwa mnyororo wa kutoka mkono wa fundi hadi mkono wa mwanafunzi ulikuwa umekatika. Kitu chaweza kuhifadhiwa kabatini; ujuzi wa kukiunda huhifadhiwa kwa kuundwa tena na tena.

Yapo mapingamizi mawili ninayoyasikia mara kwa mara. La kwanza ni kwamba hakuna haja ya mtu kuunda programu wakati zimejaa tele zilizokwisha undwa. Ni kweli, hata katika Linux mtu anaweza kuipata Vim iliyo tayari kwa amri moja. Nami sisemi kwamba kila mtu aunde kila kitu. Matondoni kwenyewe si kila mtu fundi wa majahazi; wapo wavuvi, wapo wasusi. Lakini kijiji kizima kinajua kwamba jahazi ni kazi ya watu, wala haliteremki kutoka mbinguni likiwa na tanga lake. Ujuzi huo wa jumla ndio ninaoutaka kwa shule zetu. Serikali ya Kenya ilipoanza kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2016, ilifanya jambo la maana. Lakini mtoto anayekua akiguswa na kioo tu, asione hata siku moja kilichomo nyuma yake, amefunzwa uabiria, hajafunzwa ubaharia.

Pingamizi la pili ni la umaskini: shule hazina umeme wa kutosha, intaneti ni ghali, kompyuta ni chache na chakavu. Sitaupuuza ukweli huo. Lakini zoezi nililolieleza huenda vizuri katika kompyuta ambazo ofisi nyingi huzitupa, halihitaji leseni ya kununua, na msimbo wote hubebeka mfukoni. Umaskini ni sababu ya kuichagua njia hii badala ya ile ya kununua programu zilizofungwa kila baada ya miaka michache.

Ninapendekeza basi mambo matatu. Kwanza, kila mwalimu wa kompyuta wa shule ya upili awape wanafunzi wake, angalau mara moja kwa muhula, programu moja ndogo waiunde kutoka msimbo chanzo, na awaache wakwame, wausome ujumbe wa kosa, na wajikwamue. Pili, idara za Kiswahili za vyuo vikuu zikubali kuwa kazi ya mwaka wa mwisho iweze kuwa tafsiri ya programu halisi, iliyoundwa na kujaribiwa, na isahihishwe kwa uzito ule ule wa uchambuzi wa riwaya. Tatu, vyombo vyetu vya lugha, BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vizipokee istilahi kutoka kwa vijana hao baada ya kutumika ndani ya programu inayokwenda, kwani neno lililofanya kazi lina haki ya kuingia kamusini kuliko lililobuniwa katika warsha likaishia katika ripoti.

Walimu wenzangu, mlango huu hauna bawabu. Faili la Kiswahili katika Vim linangoja mtu wa kuliandika mstari wa kwanza, na mtu huyo aweza kuwa mwanafunzi wako wa kidato cha tatu ambaye leo hujampa nafasi. Tumpe msimbo, tumpe muda, na tumwache aunde. Tarehe 7 Julai ijayo, hotuba moja ikifupishwa ili kazi hiyo ionyeshwe, Kiswahili hakitakuwa kimepungukiwa na sifa yoyote.